Joto Kwenye Ncha ya Biti: Msuguano na Ulainishaji Tunapotoboa Titani na Chuma cha Pua



Niliombwa nizungumzie kutoboa aloi za titani. Hapa Katito, kwenye njia panda ya kwenda Kendu Bay, fundi anaweza kumaliza miaka bila kuishika metali hiyo. Hata madini ya titani ya Kwale, yaliyochimbwa hadi mwishoni mwa 2024, yalisafirishwa nje yakiwa bado mchanga, na sehemu kubwa ya madini hayo duniani huishia kuwa rangi nyeupe. Lakini anayeielewa titani hatashindwa na chuma cha pua, na hicho tunaletewa: tangi la maziwa, meza ya kupasulia samaki, reli ya ngazi.

Adui wetu ni joto zaidi kuliko ugumu. Ukitoboa chuma cha kawaida, sehemu ya joto husambaa ndani ya chuma chenyewe na nyingine hutoka na nyuzi zinazokatwa. Aloi ya titani inayotumika zaidi, yenye alumini asilimia 6 na vanadi asilimia 4, hupitisha joto kwa kiasi cha moja ya saba tu ya chuma cha kawaida. Chuma cha pua ni kama theluthi. Joto lisilo na pa kwenda hubaki kwenye ncha ya biti. Titani iliyopata moto nayo hunata: vipande vyake hung'ang'ania makali, na vikibanduka huondoka nayo. Tena hunepa ikisukumwa, kisha hurudi na kuusugua ubavu wa biti. Chuma cha pua kina tabia yake: kisugue bila kukikata, nacho huwa kigumu papo hapo.

Tupige hesabu. Drili ya mkono ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ukingo wa biti ya milimita 10 hukimbia mita 94 kwa dakika. Biti ya kawaida kwenye titani inahitaji kama mita 10, yaani mizunguko 320 hivi. Tunazidisha mara tisa, halafu tunailaumu biti kuwa feki.

Kilainishi kina kazi mbili, kupunguza msuguano na kuondoa joto. Maji matupu hupoza lakini hayalainishi. Oili chafu ya injini, tuliyoizoea sote, naikataa kabisa: imejaa masizi na chembe za metali, na kuigusa kila siku ni hatari kwa ngozi. Kwa kazi ndogo ya mkono, afadhali mafuta ya kupikia, kwa sababu yanashika vizuri kwenye metali. Kwenye titani epukeni mafuta yenye klorini. Mabaki yake yanaweza kuipasua metali baadaye ikipata joto kali.

Noeni biti, punguzeni mwendo, kandamizeni kwa uthabiti. Tundu likiwa refu, mafuta hayafiki chini: toeni biti, ondoeni nyuzi, pakeni tena. Biti isizunguke hata kidogo bila kukata.

La mwisho ni moto. Nyuzi nyembamba za titani huwaka, na maji huuchochea moto huo. Ombi langu kwa kila karakana: ndoo ya mchanga mkavu iwe kando ya mashine kabla ya tundu la kwanza.