Kimya Unakihitaji Zaidi Ukipanda: Njia Tulivu za Baisikeli katika Milima ya Taita

Haya ni mazungumzo ya fundi mmoja wa baisikeli mbele ya wakazi waliokutana Wundanyi kujadili usalama barabarani. Tumeyachapa kama alivyoyasema, tukiyafupisha kidogo.



Nimeombwa nizungumzie njia za baisikeli zisizo na magari mengi hapa milimani kwetu. Sikusomea barabara, mimi ni fundi. Lakini kila baisikeli inayoletwa kwangu imepita mahali fulani, na ukiangalia rimu, tairi na mpira wa breki unaweza kusema imetoka wapi. Kwa hiyo nitasema ninayoyajua.

Kwanza niwakumbushe tunakoishi. Mwatate iko chini, Wundanyi iko juu. Kati yao ni kama kilomita 15, na katika hizo unapanda zaidi ya mita 500. Ukiendelea hadi kilele cha Vuria uko mita 2,208 juu ya bahari. Mgeni akitazama ramani huona mstari mfupi na kusema, "Hii ni safari ya saa moja." Akifika kona ya tatu anashuka na kusukuma.

Watu wengi huniuliza, "Fundi, njia tulivu ni ipi?" Nami huwajibu kwa swali: unapanda au unashuka?

Ukipanda mlima kwa baisikeli unakwenda karibu sawa na mtu anayetembea. Usukani unayumba, umechoka, na gari linakuja nyuma yako usipoliona. Hapo ndipo unapohitaji njia isiyo na magari. Ukishuka, mwendo wako unakaribia wa matatu, na unaona mbele. Hapo unachohitaji ni barabara laini yenye kona unazoziona mapema. Kwa hiyo sheria yangu ni hii: panda kwa njia ya kimya, shuka kwa njia nzuri. Wengi wetu tunafanya kinyume. Tunapanda na malori, halafu tunashuka kwa vijia vya mawe kwa sababu ni vya mkato.

Sasa njia zenyewe. Nitataja tatu.

Ya kwanza ni ya huku juu, kutoka Wundanyi kwenda Werugha, pande za msitu wa Ngangao. Anayeanza baisikeli aanzie hapa. Utapanda na kushuka, lakini huangukii mlima wote kwa mara moja. Kuna mashamba, vijito, na watu wa kukusalimia. Msitu wa Ngangao ni mdogo, kama hekta 120 tu, lakini ndani yake kuna ndege ambao hawapatikani popote duniani isipokuwa katika milima hii ya Taita. Ukisimama kupumzika, tulia kidogo usikilize. Asubuhi ukungu huwa mzito, kwa hiyo subiri jua lipande, na vaa nguo inayoonekana.

Ya pili ni ya mzunguko, na ni ya mtu aliyezoea. Unatoka Mwatate hadi Bura, unapanda Mgange, unapita Werugha, unafika Wundanyi, kisha unateremka lami kurudi Mwatate. Niwaambie ukweli, hiyo ni safari ya kutwa. Ubaya wake uko mwanzoni, kwa sababu kipande cha Mwatate hadi Bura ni barabara kuu ya Voi kwenda Taveta, na malori ya mpakani hupita hapo. Kipite asubuhi kukishapambazuka vizuri. Usikipite gizani. Kuna malori, na kuna tembo. Sehemu kubwa ya kaunti yetu ni mbuga ya Tsavo, na tembo hawasomi ramani. Kule tambarare, barabara ikiwa kimya sana jioni, jiulize ni kwa nini. Ukishaiacha barabara kuu pale Bura na kuanza kupanda, magari yanapungua na unabaki na pumzi yako. Usitegemee lami kila mahali. Uliza kwanza hali ya njia, hasa baada ya mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba.

Ya tatu ni kutoka Wundanyi kupitia Mbale hadi Mto Mwagodi, upande wa kuelekea Voi. Hii naipenda kwa kupanda kuliko kushuka. Anayetoka pande za Voi na hataki kupita Mwatate anaweza kuingilia huku. Kwa kushuka, naiachia mwenye breki nzuri na subira.

Na kuhusu saa: njia ile ile si njia moja siku nzima. Siku ya soko, asubuhi, magari ya mboga yanateremka na watu wanapanda. Shule zikifungwa jioni, watoto wamejaa kandokando. Ukitaka kimya, chagua saa kabla ya kuchagua njia.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonileta hapa hasa, nalo ni breki.

Nilipokuwa kijana wa miaka 22 nilikuwa nabeba kabeji kutoka huku juu hadi Mwatate kwa blakimamba. Mnazijua, zile nzito, breki zake ni za vyuma, na zikilowa hazishiki. Mpira wa breki ya nyuma ulikuwa umekwisha. Nilijua. Nilikuwa nimejiambia nitaubadilisha nikishauza mzigo. Siku hiyo mvua ya rasharasha ilikuwa inanyesha. Kona ya kwanza nikapita, ya pili nikapita, ya tatu nikabana breki na baisikeli ikaendelea kana kwamba sijafanya kitu. Mbele yangu lori lilikuwa linapanda. Sikuwa na la kufanya ila kuigeuza baisikeli kwenye ukingo wa udongo. Nilivunjika mtulinga. Kabeji ziliteremka barabarani kabla yangu, na dereva wa lile lori ndiye aliyenifunga bega kwa leso yake na kunipeleka hospitali. Kosa lilikuwa langu peke yangu. Bei ya mpira wa breki haikufika hata bei ya kabeji chache. Nilipopona ndipo nilipoanza kujifunza ufundi.

Miaka mingi baadaye mwalimu mmoja wa fizikia alinipigia hesabu. Mtu na baisikeli yake wakiwa na kilo 90, wakishuka mita 500 polepole kwa breki, joto linalozalishwa linatosha kuchemsha zaidi ya lita moja ya maji baridi. Ongeza gunia la kilo 50, joto hilo linachemsha karibu lita mbili. Joto hilo lote linapita kwenye vipande vidogo vya mpira na rimu zako. Sasa mnaelewa kwa nini breki iliyokuwa nzuri Wundanyi inaweza kukuacha kabla hujafika Mwatate.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Kabla ya kuteremka, simama, bana breki zote mbili, sukuma baisikeli mbele. Magurudumu yakizunguka, usipande. Ukiteremka, usibane breki mfululizo. Bana, achia, bana, achia, na tumia ya mbele na ya nyuma. Punguza mwendo kabla ya kona, usisubiri uwe ndani yake. Katikati ya mteremko simama, gusa rimu kwa uangalifu. Ikiwa inaunguza, kaa chini ya mti upumzike. Ukilowa, anza kubana mapema zaidi. Na mzigo ufungwe chini, katikati ya karia, usining'inie upande mmoja.

Nawageukia wazazi. Nimeona watoto wetu wakiteremka kwa kukanyaga tairi kwa soli ya ndala. Ndiyo breki yao. Tunacheka, tunasema watoto ni wajanja. Mimi sicheki tena. Mtoto akiletwa kwangu na baisikeli isiyo na breki, haondoki bila kuwekewa. Pesa nitazungumza na mzazi wake, leo au mwezi ujao. Nawaomba mafundi wenzangu wafanye vivyo hivyo.

La mwisho ni kwetu sote kama wakazi. Lami inakuja milimani, na ni jambo jema. Mgonjwa anafika hospitali mapema, mboga inafika Mombasa ikiwa mbichi. Lakini lami ikifika, kimya kinaanza kuondoka. Magari yanaongezeka na mwendo unaongezeka. Tusipoisemea baisikeli sasa, tutaisemea baada ya mazishi.

Mahali pa kusemea papo. Barabara kuu ya Voi kwenda Taveta iko chini ya mamlaka ya kitaifa ya barabara kuu, lakini barabara za kaunti, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, ni jukumu la serikali ya kaunti. Wananchi wanapoitwa kwenye mikutano ya wadi kutoa maoni kuhusu bajeti, tusiende kuomba vitu vikubwa tu. Tuombe vichaka vikatwe kwenye kona tuonane. Tuombe mitaro ifunikwe pale njia inapobana. Tuombe alama kabla ya miteremko mikali, na murami isiachwe kwa mafungu barabarani. Kila mmoja aje na jina la kona anayoiogopa. Na madereva wetu wakumbuke kwamba ndani ya miji na vituo vya biashara sheria inaruhusu kilomita 50 kwa saa, si zaidi.

Ile kona iliyonivunja bega bado iko. Naipita kila wiki, na kila nikiipita nabana breki mapema. Kesho asubuhi, kabla mtoto wako hajapanda baisikeli, toka nje, bana breki zake wewe mwenyewe. Zisiposhika, mlete kwangu au kwa fundi yeyote aliye karibu nawe.