Uadui wa Wamarekani kwa Warusi na Bei ya Kahawa Yetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Moshi)



Tumeombwa kusema maneno machache juu ya jambo ambalo kwa sura yake liko mbali nasi: jinsi uadui wa Wamarekani kwa Warusi ulivyoongoza shughuli zao na mataifa mengine. Huenda mmoja wenu akauliza, Karani wa Moshi ana nini na ugomvi wa Washington na Moscow? Twajibu ya kwamba ugomvi huo ulikwisha ingia katika vihamba vya Machame na Marangu, ukapandisha na kushusha bei ya kahawa iliyolipa karo za watoto wa mlima huu. Wala haukubisha hodi.

Sisi makarani twaijua nguvu ya kichwa cha faili. Barua ikifika asubuhi nasi tukaitia katika faili la madai, mkubwa ataisoma kama dai, hata ikiwa mwenyewe aliandika kutoa shukrani. Jina lililoandikwa juu ya jalada husema kabla ya barua iliyo ndani. Basi neno letu la leo ni hili: kwa miaka mingi wakubwa wa Marekani walizitia habari zetu katika faili lililoandikwa juu yake "Warusi".

Uadui wenyewe ni wa zamani. Baada ya mapinduzi ya Urusi ya 1917, Marekani ilikataa kuitambua serikali mpya mpaka 1933. Vita Vikuu vya Pili viliwafanya marafiki wa lazima, walakini urafiki huo haukudumu. Mwezi wa Februari 1946, ofisa mmoja wa ubalozi wa Marekani mjini Moscow, George Kennan, alipeleka kwao simu ndefu ya maelfu ya maneno, akieleza ya kwamba dola ya Urusi yataka kukabiliwa kwa uthabiti. Simu ile ikasomwa na wakubwa wengi, na mwaka uliofuata siasa ya kuwazuia Warusi ikawa siasa ya taifa. Baadaye Kennan mwenyewe alisema ya kwamba alikusudia kuzuia kwa njia za siasa kuliko kwa silaha. Lakini maneno yakiisha kutoka mezani kwa mwandishi, si yake tena.

Hatusemi ya kwamba hofu ile ilikuwa bure. Utawala wa Stalin ulikuwa mkali mno, na mwaka 1956 watu wa Hungary waliona vifaru vya Warusi katika barabara za Budapest. Kosa halikuwa katika kuogopa. Kosa lilikuwa katika kumtazama kila mtu kwa hofu ya mtu mwingine.

Mji wetu huu una ushahidi wake. Mwezi wa Februari 1963 wajumbe wa mshikamano wa watu wa Afrika na Asia walikutana hapa Moshi, na Mwalimu Nyerere akawafungulia mkutano. Kwa mtu atazamaye toka mbali, ulikuwa mkutano wa wakomunisti na rafiki zao, nao wote ni kitu kimoja. Lakini mkutanoni Wachina na Warusi walishindana wao kwa wao, na Mwalimu akawaonya Waafrika wasikubali kugombaniwa mara ya pili na wakubwa wa dunia, wa mashariki na wa magharibi pia. Habari ya namna hiyo haina mahali katika faili lenye kichwa kimoja.

Mwaka uliofuata, tarehe 12 Januari 1964, serikali ya Sultani ilipinduliwa Unguja. Mizizi ya jambo lile ilikuwa katika visiwa vyenyewe: ardhi, karafuu, kura, na mafarakano ya watu wa asili mbalimbali. Walakini Washington waliogopa ya kwamba imezaliwa Cuba ya Afrika. Tena walikuwa na kituo chao kisiwani cha kufuatia vyombo vya angani. Wakakawia kuitambua serikali mpya mpaka mwishoni mwa Februari. Wakati huo Warusi, Wachina na Wajerumani wa Mashariki walikwisha itambua na kuleta misaada yao. Ndivyo hofu ilivyosaidia kulileta jambo lile lile lililoogopwa. Januari 1965 ofisa wao wa Zanzibar, Frank Carlucci, alifukuzwa kwa kushukiwa njama, naye akakana. Sasa kila upande ulikuwa ukimsoma mwenziwe katika faili la adui.

Msidhani, ndugu zetu, ya kwamba hofu ile ilituletea hasara tu. Ilituletea na neema, nayo ndiyo yahitaji kuangaliwa zaidi. Kwa muda mrefu Marekani, mnunuzi mkubwa kupita wote wa kahawa, haikupenda kufungwa na mapatano ya bei. Ndipo Fidel Castro alipoishika Cuba mwaka 1959, wakaogopa ya kwamba wakulima maskini wa Amerika ya Kusini watawafuata Warusi. Hofu hiyo ni mojawapo ya sababu kubwa zilizowafanya wakubali Mapatano ya Kahawa ya Dunia ya 1962. Kila nchi yenye kuuza ilipewa mgao wake, na kila shehena ikaandamana na hati ya kuonyesha imetoka wapi, ili kahawa isifurike sokoni. Tanzania iliwekwa fungu moja na Kenya na Colombia, na neema iliyokusudiwa jirani za Cuba ikafika mpaka ghala za KNCU.

Mgao ule uliendelea, mara ukisimama na mara ukirudi, mpaka Julai 1989. Sababu za kuvunjika kwake zilikuwa nyingi: wauzaji waligombania mafungu, na wanunuzi walinung'unika kwamba nchi zisizo katika mapatano zauziwa kwa bei rahisi. Lakini hofu ya Warusi nayo ilikwisha poa, na Washington hawakuona tena haja ya kuyabeba mapatano hayo. Mwaka 1988 wastani wa bei ya dunia ulikuwa karibu senti 116 za Kimarekani kwa ratili. Mwaka 1990 ulikuwa karibu 72, na mwaka 1992 karibu 53. Katika miaka hiyo wako wazee mlimani waliong'oa mibuni iliyopandwa na baba zao. Mzee wa Kibosho hakuwa amemkosea mtu yeyote. Illa faili lililomlinda halikuwa lake, na siku lilipofungwa hakuna aliyemjulisha.

Wala mambo hayo hayakuisha na karne ile. Tarehe 2 Machi 2022 Umoja wa Mataifa ulipopiga kura ya kuilaumu Urusi kwa kuingia Ukraine, Kenya ilikubali lawama, na Tanzania na Uganda zikajizuia. Mwezi wa Aprili mwaka ule ule, Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha kwa kura 415 dhidi ya 9 mswada wa kupinga mambo maovu ya Urusi katika Afrika. Nchi za SADC zililalamika, na mswada huo haukuwa sheria. Lakini kitazameni kichwa chake: Afrika imetajwa kama mahali tu, mwenye faili ni Mrusi.

Wahenga walisema ya kwamba wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Twaongeza ya kwamba mara nyingine fahali huzitilia nyasi mbolea, nazo zikadhani zapendwa. Kwa hiyo twawasihi wanachama mambo mawili. Kwanza, msaada au mapatano yakifika mezani petu, tuulize yametoka katika faili gani, na siku faili hilo likifungwa tutasimama wapi. Pili, tusiurithi uadui wa mtu, wala wa Mmarekani kwa Mrusi, wala wa Mrusi kwa Mmarekani. Tuandike habari zetu kwa hesabu zetu, katika faili lenye jina letu.