Sauti Yenye Mwenyewe: Mitandao ya Kijamii na Maisha ya Umma



Nitaanzia Lanet Umoja, kata iliyo nje kidogo ya mji wa Nakuru. Chifu wa huko, Francis Kariuki, alijizoesha kuwaandikia wakazi wake kupitia Twitter, na mwaka 2012 habari zake zikasomwa duniani kote. Aliandika kwa Kiswahili. Kondoo wa kahawia na nyeupe amepotea, ana kamba ya nailoni shingoni, mwenye kumwona atoe habari. Na kondoo akapatikana. Usiku mmoja, yapata saa kumi alfajiri, alipata habari kwamba wezi wamevamia nyumba ya mwalimu. Akatuma ujumbe. Baada ya dakika chache majirani walikuwa wamekusanyika nje ya nyumba hiyo, na wezi wakatimua mbio.

Waandishi wa ng'ambo walistaajabia simu. Linalonishangaza mimi ni jinsi teknolojia yenyewe ilivyokuwa haba. Ukurasa wa chifu ulikuwa na wafuasi mia chache tu, ilhali kata ilikuwa na watu wapatao 28,000. Wengi walipokea maneno yake kama ujumbe mfupi kwenye simu za kawaida zisizo na intaneti, wakawasomea waliokuwa karibu. Kilichofanya maneno yale yaaminike ni kwamba kila mtu alijua yametoka kwa nani na ofisi yake iko wapi. Angewaamsha watu alfajiri kwa habari ya uongo, wangemkuta mezani kwake asubuhi.

Tukumbuke pia chifu ni nani katika historia yetu. Sheria ya Mamlaka ya Machifu ya mwaka 1937 ilimpa uwezo mkubwa wa kuwaamrisha watu, na hata baada ya uhuru wananchi walienda barazani kupokea maagizo. Ilibidi tungoje mageuzi ya 1997 ndipo meno mengi ya sheria hiyo yang'olewe. Kwa hiyo chifu anayewaomba wakazi msaada hadharani, tena akijibiwa hadharani, ni jambo zito kuliko programu yoyote iliyo kwenye simu yake.

Hoja yangu jioni hii inatoka hapo. Mitandao ya kijamii huleta heri pale sauti inapokuwa na mwenyewe, inapohusu mahali panapojulikana, na inapomfikia mtu anayewajibika kujibu. Vitu hivyo vikikosekana, wingi wa sauti haututendei jema lolote, na mara nyingine huua.

Kuua nimesema kwa makusudi. Mwishoni mwa Desemba 2007, matokeo ya uchaguzi wa rais yalipotangazwa, nchi hii iliwaka. Zaidi ya watu 1,100 walipoteza maisha na mamia ya maelfu wakayahama makazi yao. Wakati huo Facebook ilikuwa ya wachache. Chuki ilisafiri kwa ujumbe mfupi wa simu, bila jina la mtungaji, na kila aliyeupokea akiambiwa awatumie wengine. Serikali ilikuwa imepiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, na pengo hilo likajazwa na uvumi.

Katika siku zile zile, mwanzoni mwa Januari 2008, Ory Okolloh aliandika kwenye blogu yake akiuliza kama kuna mtaalamu wa kompyuta anayeweza kuonyesha kwenye ramani mahali ghasia zinapotokea. Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wenzao waliitikia, na kwa siku chache tu Ushahidi ikawa hewani. Mwananchi alituma alichokiona kwa simu au kwa mtandao, kikawekwa kwenye ramani penye jina la mahali na tarehe. Pale ilipowezekana, kilihakikishwa na watu waliokuwa karibu. Miaka miwili baadaye, tetemeko la ardhi lilipoiangusha Port-au-Prince, chombo hicho kilichobuniwa na Wakenya kilitumika kuwaonyesha waokoaji wa Haiti wapi watu wanahitaji msaada.

Simu ilikuwa ile ile na ujumbe mfupi ule ule. Mmoja ulisema watu wa kabila fulani wanakuja kutuua, wala haukusema nani kawaona, wapi, saa ngapi. Mwingine ulisema barabara ya mahali fulani imefungwa na nyumba zinachomwa. Wa kwanza humwacha msomaji na hofu pekee; wa pili humpa kitu cha kwenda kukihakikisha. Naomba wanafunzi wa uandishi wa habari walikalie jambo hili, kwa maana ndilo somo lote la ithibati.

Kuna matumizi mengine ya mitandao ambayo wasomi huyapita bila kuyatazama, kwa kuwa ni ya kila siku mno. Ni kundi la WhatsApp la harambee. Mgonjwa amelazwa, bili imepanda, ndugu na majirani wanakusanywa kwenye kundi moja. Orodha inafunguliwa: namba moja, jina, kiasi; namba mbili, jina, kiasi. Kila anayetoa ananakili orodha yote, anaongeza jina lake chini, anairudisha. Mweka hazina anaonyesha kilichoingia na risiti ya hospitali, kisha kundi linavunjwa. Hakuna mhasibu aliyeajiriwa, ila hesabu zinasomwa na kila mtu kila saa. Mwaka 2011, ukame ulipowakumba wenzetu wa kaskazini, kampeni ya Kenyans for Kenya iliupeleka moyo huo kwa taifa zima. Watu walichanga kwa M-Pesa, hata shilingi kumi ikapokelewa, na lengo la shilingi milioni 500 likapitwa. Natamani bajeti za kaunti zetu zingeandikwa waziwazi kama orodha ya harambee.

Bajeti inanifikisha Juni 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulipendekeza, miongoni mwa mengine, VAT ya asilimia 16 kwa mkate, ushuru wa asilimia 25 kwa mafuta ya kupikia, na kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Miswada ya fedha huandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, na miaka nenda miaka rudi imepita huku wananchi wakija kuijua dukani bei zikishapanda. Safari hii vijana waliufungua. Waliusoma mswada kifungu kwa kifungu kwenye TikTok, wakaueleza kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za mama zao, na wanaoelewa lugha ya ishara wakaonyeshwa kwa mikono. Kwenye vikao vya sauti vya X, maelfu walikesha wakisikiliza mawakili na wachumi wakiulizwa maswali. Hayo ndiyo mafanikio makubwa ya Juni ile, na yalitangulia maandamano.

Tarehe 25 Juni wabunge waliupitisha mswada kwa kura 195 dhidi ya 106. Siku hiyo hiyo waandamanaji wakaingia Bungeni, na risasi zikapigwa. Siku iliyofuata Rais William Ruto alisema hatautia sahihi. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilihesabu waliokufa kufikia tarehe 1 Julai kuwa 39, na kufikia Desemba ikawa imeandikisha visa 82 vya watu kutekwa nyara. Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikamatwa Homa Bay kwa sababu ya maandishi ya mtandaoni kumhusu afisa mkuu wa polisi. Alifia mikononi mwa polisi Nairobi. Polisi walisema alijigonga ukutani. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha yasiyolingana na maneno hayo.

Ninapowaambia vijana kwamba sauti iwe na mwenyewe, najua ninawaomba nini. Nawaomba wasimame penye hatari. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaotaka kila akaunti ilazimishwe kutumia jina la kwenye kitambulisho. Mtoboa siri anayefichua wizi wa dawa za zahanati ana haki ya kujificha, mradi alete karatasi inayoweza kukaguliwa. Wajibu wa kwanza wa kujitaja ni wa mwenye mamlaka: mbunge, gavana, kamanda, mkurugenzi wa kampuni. Huyo ndiye anayelindwa na dola, na bado ndiye anayelipa makundi ya vijana wamsifie kwa majina ya bandia.

Katika vuguvugu hilo la Juni 2024 palikuwa pia na jambo lisilonipendeza. Namba za simu za wabunge zilisambazwa, wakapigiwa usiku na mchana. Kumpigia mbunge wako simu ukamuuliza atapigaje kura ni haki yako. Kutisha mke wake na watoto wake ni ukatili, na hakuna sababu njema inayousafisha.

Sasa niseme kuhusu wenye mitandao, kwani tumezoea kuwalaumu watumiaji peke yao. Nyaraka za ndani za Facebook zilizotolewa na Frances Haugen mwaka 2021 zilionyesha kwamba, tangu 2017, ishara ya hasira aliyoibonyeza msomaji ilihesabiwa mara tano ya ishara ya kupenda katika kuamua nini kionyeshwe kwa wengine. Uzito huo baadaye uliondolewa. Lakini fikirini: kwa muda huo, mwenye kuchokoza alisukumwa mbele na mashine kuliko mwenye kueleza, na hakuna mwananchi wa nchi yoyote aliyeulizwa.

Jirani zetu Waethiopia wameyaonja matunda ya mashine hiyo. Novemba 2021, Profesa Meareg Amare, Mtigray aliyefundisha kemia Bahir Dar, aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake. Kabla ya hapo maandishi ya Facebook yalikuwa yameweka picha yake pamoja na tuhuma dhidi yake na habari za anakokaa. Mwanawe alikuwa ameyaripoti maandishi hayo kwa kampuni, akiomba yaondolewe. Mwaka 2022 alifungua kesi dhidi ya Meta, kampuni mama ya Facebook, katika Mahakama Kuu hapa Nairobi, na Aprili 2025 mahakama ikaamua kwamba ina mamlaka ya kuisikiliza. Kwa nini Nairobi? Kwa sababu kazi ya kukagua maandishi ya Facebook ya eneo hili la Afrika, ya Kiamhari, Kitigrinya, Kioromo, Kisomali na hata Kiswahili, ilikuwa ikifanywa humu mjini na vijana walioajiriwa na kampuni ya Sama. Siku nzima walitazama mauaji na unyanyasaji ili sisi tusivione. Daniel Motaung, mmoja wao, alizishtaki Meta na Sama mwaka 2022. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba Meta inaweza kushtakiwa nchini Kenya.

Hizi kesi nazihesabu kuwa muhimu kwa Afrika Mashariki kuliko sheria zote za mitandao tulizotunga katika mwongo mmoja uliopita. Sheria zetu nyingi zimemlenga mwandishi mdogo. Uganda iliwatoza watumiaji shilingi 200 kwa siku kuanzia Julai 2018, ikaja kuiacha kodi hiyo na kuweka nyingine ya asilimia 12 kwenye bando. Kanuni za Tanzania za 2018 zilimtaka mwanablogu alipe leseni na ada zinazozidi shilingi milioni mbili. Na Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, Tanzania ilizima intaneti. Serikali inapozima mtandao inamnyamazisha mchochezi kwa saa kadhaa, lakini inamnyamazisha pia mwenye kusema huo ni uongo, mimi nipo hapa. Inamkatia mama njia ya kumtafuta mwanawe. Uvumi hauzimwi, maana una miguu yake tangu kabla ya simu. Tuliyaona hayo 2007.

Nimalizie kwa mambo yanayotuhusu sisi tulio humu ukumbini.

Katiba yetu ya 2010, katika vifungu vya 118 na 196, inalitaka Bunge na mabunge ya kaunti yawashirikishe wananchi. Lakini tangazo la kikao cha ushirikishwaji mara nyingi hutolewa gazetini kwa Kiingereza, siku chache kabla, na kikao hufanyika ukumbini kwa watu arobaini. Chuo hiki kina wanafunzi wa sheria, wa uchumi, wa Kiswahili na wa isimu wanaotoka karibu kila kaunti. Naomba idara zetu zikubaliane kwamba kila mwaka, bajeti ya kaunti hii ikiwasilishwa tu, wanafunzi chini ya wahadhiri wao waieleze wadi kwa wadi kwa Kiswahili na kwa lugha za hapa, kwa sauti fupi zinazoingia kwenye WhatsApp bila kumaliza bando la mtu. Kila kipande kiwe na jina la aliyekiandaa na ukurasa wa bajeti kilikotoka. Kazi hiyo ipewe alama kama mtihani.

Ninyi machifu na wawakilishi wa wadi, wekeni namba moja ya simu ya ofisi, mjibu kwayo. Mkiulizwa fedha za barabara zimekwenda wapi, mkumbuke kwamba Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa mwananchi jibu ndani ya siku 21.

Na wewe mwanafunzi, ujumbe ukikufikia usiku wa uchaguzi, ukisema watu fulani wanakuja, uliza nani kaona, wapi, saa ngapi. Usipopata jibu, usiutume kwa yeyote.