Sipi na Mlango wa Klabu

Wasikilizaji wangu, leo nilikuwa nimewaandalia habari za reli, lakini reli itasubiri wiki ijayo. Tangu juzi kuna ujumbe wa sauti umenikaa kichwani. Binti mmoja wa Mbeya ananieleza kwamba yeye na wenzake watatu wanaandaa jarida la wasichana wa miaka 18 hadi 25, na hela ya kuchapa toleo la kwanza wameshaichanga. Swali lake ni hili: jalada liwe rangi gani? Maana kila wanayemwuliza anasema pinki.

Mwanangu, swali lako limenipeleka New York, kwa mwanamke ambaye nikianza kumzungumzia fundi mitambo hunionyesha saa. Anaitwa Cipe Pineles. Jina la kwanza huandikwa kwa C, lakini hutamkwa Sipi, kama yale maporomoko ya Sipi kule Uganda, ubavuni mwa Mlima Elgon. Lishikeni jina hilo, lina kisa chake.

Nianzie katikati, mwaka 1948. New York ilikuwa na klabu ya wakurugenzi wa sanaa. Mkurugenzi wa sanaa wa jarida ndiye anayeamua ukurasa uonekaneje: picha ikae wapi, herufi ziwe nene au nyembamba, mchoraji aitwe nani, na wapi paachwe peupe ili jicho lipumzike. Klabu ile ilikuwa ya wanaume tupu. Mehemed Fehmy Agha, bosi aliyemfundisha Sipi kazi, mtu aliyesimamia sura ya Vogue na Vanity Fair, alilipeleka jina la mama huyu klabuni kwa miaka 10. Linakwenda, linarudi. Miaka 10, jamani! Mtoto azaliwe, aanze shule, afike darasa la nne, jina bado linagonga mlango uleule.

Ikafika siku klabu ikamtaka mumewe. William Golden alikuwa msanifu katika shirika la utangazaji la CBS, na baadaye ndiye aliyewapa ile nembo ya jicho. Golden akawajibu kwamba klabu inayomwacha nje mke wake, mwenye sifa zote, haistahili kujiita ya kitaaluma. Basi wakaingizwa wote wawili. Sipi akawa mwanamke wa kwanza mle ndani.

Sasa kisa cha jina. Alizaliwa Vienna mwaka 1908, akahamia Marekani na familia yake akiwa na miaka 15, akasomea sanaa katika chuo cha Pratt, Brooklyn. Alipomaliza akaanza kusambaza kazi zake kwa waajiri. Kazi ziliwapendeza. Jina hilo geni halikuwaambia kama mwenyewe ni mwanamume au mwanamke, nao wakaliwekea suruali. Wakishajua ni mwanamke, nafasi inayeyuka. Hebu fikirieni: kazi ni ileile iliyosifiwa asubuhi! Kilichobadilika ni mkono ulioishika tu.

Mtaniuliza, na jarida la wasichana linaingiaje? Linaingia hapa. Septemba 1944 mhariri Helen Valentine alianzisha Seventeen, jarida la wasichana waliokuwa wakivuka kutoka utoto kwenda utu uzima. Nakala 400,000 za toleo la kwanza zilinunuliwa zikaisha. Mwenzake Estelle Ellis, aliyeshughulikia kulitangaza jarida, akafanya jambo ninalotaka Mbeya mlisikilize vizuri. Walimchunguza msomaji: ana umri gani, ananunua nini, nyumbani kwao kukoje. Kisha wakampa jina, Teena, na huyo Teena wakampeleka kwa wenye matangazo kana kwamba ni binti wanayeishi naye. Wafanyabiashara ambao hawakuwa wamewahi kumhesabu msichana wa umri huo kuwa mnunuzi wakaanza kumtazama.

Nasema wazi, Teena alikuwa chombo cha kuuzia, na mimi moyo wangu hauko kwake. Moyo wangu uko kwa Sipi, aliyeingia Seventeen mwaka 1947. Mazoea ya zama zile yalikuwa hadithi ya msichana ichorewe mrembo na kijana mtanashati wakitazamana machoni. Sipi akawaendea wachoraji wa kweli, watu ambao kazi zao zilitundikwa katika majumba ya sanaa. Alimwita Ben Shahn. Alimwita Jacob Lawrence, mchoraji Mweusi ambaye mwaka 1941 alikuwa amekamilisha picha 60 kuhusu Weusi waliohama kutoka kusini mwa Marekani kwenda miji ya kaskazini. Na masharti yake yalikuwa mepesi ajabu: soma hadithi yote, chagua mwenyewe pa kuchora, na ulete kitu ambacho usingeona haya kukitundika pamoja na kazi zako nyingine. Basi! Hakumwambia mtu 'nichoree busu'.

Mnaona alichokuwa akimpa yule binti wa miaka 17? Alimpa kilekile ambacho tajiri wa New York alikifuata kwa gari hadi kwenye jumba la maonyesho.

Haya, kuna ujumbe umeingia, ngoja niusome. Msikilizaji wa Tanga anaandika: 'Mtangazaji, kwa hiyo mama huyo aliingia klabu kwa mdomo wa mume. Hapo pa kushangilia ni wapi?'

Ndugu yangu wa Tanga, umenishika pabaya, na swali lako nalipenda. Ni kweli, neno la Agha miaka 10 halikufungua, la mume likafungua mara moja. Hilo linauma na lazima liume. Ila sikubali kwamba aliingia kwa mdomo wa mume. Mwaka 1942 alikwishakuwa mkurugenzi wa sanaa wa Glamour. Golden hakumwombea nafasi, aliwaaibisha waliomnyima. Na mtu wa mdomo wa mume ungemwona baadaye, angekaa kimya kitini. Huyu klabu hiyohiyo ilimpa nishani kwa picha aliyoichora kwa mkono wake mwenyewe. Picha ya nini? Viazi! Viazi mviringo hivi vya sokoni, vimechorwa kwa ajili ya kurasa za mapishi za Seventeen. Alikuwa na jicho la jikoni, huyu mama. Mwaka 1945 alitengeneza daftari la mapishi ya kwao, vyakula vya mama yake vya Kiyahudi vya Ulaya ya Mashariki, supu na nyama na viungo, vyote kwa rangi za maji na herufi za mkono. Alifariki mwaka 1991. Miaka mingi baadaye daftari likaonekana San Francisco katika maonyesho ya vitabu vya kale, na mwaka 2017 likatolewa kama kitabu.

Nirudi. Mwaka 1950 akaenda Charm, akawa tena na Helen Valentine. Charm lilijitambulisha kwenye jalada lake kuwa ni jarida la wanawake wanaofanya kazi. Hapo Sipi akatoa nguo studio akaziingiza mjini: kwenda kazini, ofisini, saa ya chakula cha mchana. Alitaka uhalisia wenyewe upendeze.

Wanangu wa Mbeya, mmeshawahi kuingia kwa fundi cherehani mkaangalia ukutani? Ameminya gundi, amebandika kurasa alizozikata kwenye majarida. Zitazameni kwa makini. Hakati ukurasa ambao mrembo amejikunja juu ya kochi na nusu ya gauni imemezwa na giza. Anakata ule ambao mtu amesimama, pindo linaonekana, mkono unaonekana, unajua hata zipu imekaa upande gani. Kwa fundi ukurasa huo ni kifaa kama mkasi. Sipi angeelewana naye bila mkalimani.

Kwa hiyo habari ya pinki naona ingoje. Kwanza niambieni huyo binti wenu anaamka saa ngapi, anapanda daladala au bodaboda, simu yake ina bando au haina, na jarida atalisomea wapi: saluni, bwenini, kwenye foleni ya zahanati? Kama ni saluni, chini ya mashine ya kukaushia nywele, herufi ndogo za kijivu zitamtesa. Hayo yakijulikana, rangi itajileta.

Fundi mitambo ananionyesha saa, kama nilivyowaambia. Lakini subirini, Mbeya wenyewe wamejibu sasa hivi. Wanaandika: 'Mchoraji tunaye, anachora mabango ya saluni hapa Mwanjelwa, lakini watu wanasema si wa hadhi ya jarida.'

Mpeni hadithi nzima aisome. Msimwambie achore nini.