Ukinyimwa viza, siku zinaanza kuhesabiwa

Mada niliyopewa ni viza na mahakama, na najua baadhi yenu mmekuja mna barua ya kunyimwa kwenye simu. Wengi mmeniuliza kuhusu Kanada, basi nitakaa huko.

Barua zao zinafanana. Umeomba kibali cha kusoma, chuo kimekukubali, mjomba kakulipia ada, taarifa ya benki ipo. Unajibiwa kwamba afisa hajaridhika kuwa utaondoka muda wako ukiisha. Nyumbani wanakwambia omba tena. Agenti naye anakwambia omba tena, si ndipo anapokula! Hakuna anayekwambia kwamba uamuzi ule unapelekwa mahakamani.

Kwa kibali cha kusoma hakuna rufaa. Kuna mapitio ya mahakama, kifungu cha 72 cha sheria yao ya uhamiaji, kwenye Mahakama ya Shirikisho. Kama uamuzi ulitolewa nje ya Kanada, una siku 60 tangu ulipoarifiwa. Ada ya kufungua ni dola 50 za Kanada, na ukishindwa kwa kawaida hulipishwi gharama za serikali. Kinachouma ni wakili. Na agenti, hata mwenye leseni ya ushauri wa uhamiaji, haruhusiwi kukusimamia pale.

Sasa hapa ndipo watu wanapojichanganya. Jaji hakupi viza. Wala haulizi kama unastahili kwenda. Anauliza kama uamuzi una mantiki ukiutazama pamoja na faili lililokuwa mbele ya afisa. Mwaka 2019, katika shauri la Vavilov, Mahakama ya Juu ya Kanada ilisisitiza kwamba mwenye mamlaka lazima atoe sababu zinazoeleweka, zinazoonyesha alivyotoka kwenye ushahidi hadi akafika alikofika. Kwa hiyo kama uliambatanisha barua ya mwajiri anayekusubiri, halafu afisa akaandika huna cha kukurudisha nyumbani bila hata kuigusa barua hiyo, una hoja nzuri. Lakini kama barua hiyo uliisahau na unaileta leo, kwa kawaida jaji haitazami. Hapo ni afadhali uombe upya.

Ile barua uliyotumiwa ni fomu tu. Maelezo ya afisa yako kwenye mfumo wao, mara nyingi mistari michache. Ukifungua shauri na hujapewa sababu, mahakama huitaka ofisi ya viza izitoe. Soma mistari hiyo mara tatu kabla hujamlipa mtu.

Kuna kizingiti: lazima kwanza upate ruhusa ya jaji. Akikataa, imeisha, hakuna rufaa. Akikubali na ukashinda, uamuzi unatenguliwa na faili linakwenda kwa afisa mwingine, ambaye anaweza kukunyima tena kwa sababu zilizonyooka zaidi. Mimi naona bado inafaa, kwa sababu kunyimwa kunakufuata. Fomu za Kanada zinauliza kama umewahi kunyimwa viza na nchi yoyote, na ukidanganya unaweza kufungiwa miaka 5.

Kuna kamanda kaniuliza, sisi tunadai Katiba mpya, viza za watu zinatuhusu nini? Zinatuhusu. Mtu ambaye hajawahi kukanyaga Kanada anaweza kuibana serikali ya kule ieleze kwa nini imemkatalia. Marekani hawajafika huko. Mwaka 2024, kwenye shauri la Muñoz, mama raia wao aliyetaka kujua vizuri kwa nini mumewe kanyimwa viza aligonga mwamba.

Na sisi je? Mikutano ya hadhara ilizuiwa 2016 hadi Januari 2023. Kila mmoja wenu anaijua barua ya OCD yenye maneno matatu, "sababu za kiintelijensia". Hiyo nayo ni uamuzi wa mtu mwenye mamlaka. Ibara ya 13(6)(a) inatupa haki ya nafuu ya kisheria dhidi ya uamuzi, na Sura ya 310 pamoja na Kanuni za 2014 zinatupa njia: unaomba ruhusa Mahakama Kuu ndani ya miezi 6. Nawaomba makatibu wa matawi msizichane barua hizo. Andikeni tarehe mliyopokea na saini ya aliyeileta.

Tuanze na maswali ya wenye barua za mwezi huu na uliopita, maana zile siku 60 zenu zinatembea.