Nyumba Bila Ardhi: Kutoka Maili Kumi za Pwani Hadi Pumwani



Kutoka Vanga, mpakani na Tanzania, hadi Kipini upande wa kaskazini, kulikuwa na nchi ambayo hadi Desemba 1963 haikuwa sehemu ya Koloni ya Kenya. Ulikuwa ukanda wa maili kumi tu kutoka baharini, na kwa karatasi mwenyewe alikuwa Sultani wa Zanzibar. Mpaka huo ulichorwa mwaka 1886 na Waingereza na Wajerumani. Mdigo wa Kwale na Mgiriama wa Kilifi hawakuulizwa. Desemba 1895 Sultani Hamid bin Thuwaini aliwakabidhi Waingereza usimamizi wa ukanda huo kwa kodi ya pauni 11,000 kwa mwaka. Bara ilipofanywa koloni mwaka 1920, Pwani ilibaki nchi ya ulinzi, na bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea Fort Jesus.

Ugomvi wa ardhi ya huko hauwezi kueleweka bila kuijua sura ya nchi yenyewe. Katika Pwani ya kusini, baada ya ufuo na miamba ya matumbawe huja minazi, mikorosho na miembe. Kisha nchi inapanda hadi Shimba Hills, ambako chemchemi za Marere hupeleka maji Mombasa. Ukivuka vilima hivyo mvua inapungua, na kufika Kinango ni nyika ya mifugo. Kwa hiyo ardhi yenye rutuba na thamani ni ule ukanda mwembamba, na ndio huo huo ulioandikiwa sheria ya mwaka 1908.

Sheria hiyo ilimtaka kila mwenye madai ya ardhi ayawasilishe serikalini. Aliyekuwa na hati, au aliyejua njia ya kwenda ofisini, alipata cheti. Lakini mashamba ya Wamijikenda yalikuwa mali ya ukoo, hayakuwa na karatasi ya mtu mmoja. Ardhi ambayo haikudaiwa ikaandikwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Tarehe 8 Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, walitia sahihi mkataba wa kuunganisha ukanda na Kenya. Mahakama za Kadhi zililindwa, na vyeti vya ardhi vilivyokwisha kutolewa vikatambuliwa. Ndipo hadi leo mtu huitwa skwota mahali alipozikwa babu yake.

Mombasa kuna jambo jingine, linalojulikana kama nyumba bila ardhi: mtu anajenga, anapangisha, anarithisha watoto, na huku kila mwezi analipa kodi ya kiwanja kwa mwenye ardhi. Yeyote aliyekulia Majengo, Pumwani, hahitaji kuelezwa zaidi.

Watu wa Pwani walifika Nairobi mapema pamoja na reli, wakiwa wapagazi, askari na wafanyabiashara. Baadhi ya vijiji vya mwanzo vya Waafrika vilibeba majina ya kwao, kama Mji wa Mombasa na Pangani, jina la mji ulio kwenye mlango wa mto Pangani huko Tanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 manispaa ilianzisha Pumwani ili kuwakusanya wakazi hao mahali pamoja. Waliruhusiwa kujenga nyumba zao, lakini ardhi ilibaki ya manispaa. Pangani ilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, mwenye nyumba hakuwa na kiwanja cha kudai. Wengi walihamishiwa Shauri Moyo, na jina hilo nalo si la furaha sana.

Mitaa ya zamani ya Eastlands sasa inabomolewa zamu kwa zamu ili maghorofa yajengwe, na swali la Pangani limerudi: anayehamishwa anaonyesha nini? Barua ya kugawiwa nyumba, risiti za kodi hata zile zilizochakaa, na jina la mrithi lililoandikwa rasmi mzazi angali hai. Familia nyingi huanza kuvitafuta baada ya matanga, wakati ndugu watatu tayari wamekwenda ofisini kila mmoja na hadithi yake.