Mfungwa Mraibu Anaporejea Nyumbani

(Mada iliyotolewa kwa wakazi katika mkutano wa kata)

Iko imani iliyozoeleka katika familia nyingi kwamba kijana anayetumia dawa za kulevya akifungwa, gereza litamponya. Miezi hupita, hurejea akiwa amenenepa na mtulivu, na nyumba nzima hushukuru. Kumbe siku hiyo ya furaha ndiyo mwanzo wa wakati wa hatari kuliko wote.

Heroini, ambayo mitaani huitwa unga, hujenga mazoea mwilini, na mtumiaji huhitaji kiasi kikubwa zaidi kila siku zinavyosonga. Akiwekwa mahabusu na dawa ikakatika ghafla, hupatwa na arosto: baridi, kutapika, kuharisha, maumivu ya mifupa na kukosa usingizi. Kwa mraibu wa pombe kama gongo, kuacha ghafla huweza kuleta degedege, hata kifo. Kwa hiyo ndugu wa aliyekamatwa wasione haya. Polisi na wahudumu wa afya wa gereza waelezwe mapema kwamba ni mraibu, ili atibiwe.

Arosto hupita, lakini uraibu hubaki. Baada ya miezi gerezani, mwili umekwisha kupoteza mazoea yake, ilhali hamu haijatoka moyoni. Akifunguliwa na kutumia kete zilezile alizozizoea zamani, kiasi hicho sasa ni sumu: pumzi hupungua hadi kukatika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwafuatilia wafungwa 30,237 walioachiliwa katika jimbo la Washington, Marekani. Katika wiki 2 za kwanza, hatari yao ya kufa ilikuwa zaidi ya mara 12 ya ile ya wakazi wengine, na sababu kuu ilikuwa kuzidisha dawa.

Wiki hizo 2, basi, ni dhamana ya familia na majirani. Mhusika aelezwe wazi hatari hiyo, wala asiachwe mpweke. Akikutwa haamshiki, anakoroma isivyo kawaida au anapumua kwa taabu, alazwe ubavu na kuwahishwa hospitali. Asinyweshwe maziwa wala kumwagiwa maji. Anayempeleka aseme kweli ametumia nini, kwani matibabu hutegemea ukweli huo.

Tiba ipo. Huduma ya methadoni ilianza mwaka 2011 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, na baadaye ikafika mikoa mingine, ikiwemo Dodoma, Mwanza, Mbeya na Tanga. Ni dawa ya maji, hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, nayo huzuia arosto na kumwezesha mtu kufanya kazi zake. Afisa Ustawi wa Jamii aonwe kabla ya siku ya kufunguliwa, ili safari ya kwenda kliniki au nyumba ya upataji nafuu ipangwe mapema.

Ndugu wananchi, aliyemaliza kifungo amekwisha kutumikia adhabu yake. Akipokewa kwa jina la “teja”, atarudi kijiweni kwa wanaomwita rafiki. Afikapo mlangoni, aitwe kwa jina alilopewa na wazazi wake, aandaliwe chakula, na kesho yake asindikizwe kwenda kutibiwa.